Taya Linauma, Meno Yanasagika: Uanze na Mazoezi, Kinga ya Usiku, Dawa au Sindano?

Anayesaga meno usiku huwa wa mwisho kujua. Anayejua kwanza ni yule anayelala naye chumba kimoja, anayegutuka usiku wa manane kwa sauti kama ya jiwe linaloburutwa juu ya sementi. Mimi niliambiwa na mke wangu, nikabisha. Nilikuja kukubali asubuhi moja nilipotaka kupiga mswaki, mdomo ukagoma kufunguka. Kwa kawaida vidole vitatu vya mtu, vikisimamishwa kimoja juu ya kingine, hupita kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vyangu vilipita viwili kwa shida, na mbele ya sikio la kulia pakalia "tak".

Kuanzia hapo nikaingia kwenye mkanganyiko ambao pengine na wewe umo sasa hivi. Daktari wa meno wa kwanza alinishauri kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Wa pili alisema sindano kwenye misuli ya mashavu. Wa tatu alitaka kuyasawazisha magego yangu kwa mashine siku ileile, kabla sijashuka kwenye kiti. Wote watatu walizungumza kwa uhakika uleule. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu aliyesimama pale niliposimama, kwa sababu njia hizi hazifanyi kazi moja, na ukizipima kwa kigezo kimoja tu utachagua vibaya.

Kwanza tuelewane: matatizo ni mawili

Kusaga meno ni kitendo. Maumivu ya taya ni hali. Wapo wanaosaga miaka nenda miaka rudi, meno yamelika mpaka dentini, yaani tabaka la ndani la jino lenye rangi ya manjano, inaonekana, na taya halijawahi kuwauma hata siku moja. Wapo ambao taya linawauma kila wanapotafuna lakini meno yao yana ncha zote. Na wapo wenye yote mawili kwa pamoja. Jopo la wataalamu wa kimataifa lililokubaliana juu ya maana ya kusaga meno mwaka 2013, kisha likairekebisha mwaka 2018, linasema kwamba kwa mtu mwenye afya njema hiyo ni tabia ya misuli ya kutafunia, wala si ugonjwa wenyewe. Pia linatenganisha kusaga kwa usingizini na kukaza meno ukiwa macho. Tofauti hiyo inagusa mfuko wako moja kwa moja: kinga ya usiku haimsaidii mtu anayekaza meno mchana kutwa akiwa kazini au kwenye foleni ya magari.

Sasa weka ncha za vidole mbele kidogo ya masikio, ufungue mdomo polepole. Utahisi kifundo cha mfupa kikizunguka kwanza, kisha kikiteleza kuja mbele. Ni viungo vichache sana mwilini vinavyofanya yote mawili, kuzunguka na kuteleza. Kati ya kifundo hicho na fuvu kuna kisahani cha gegedu, na kikisogea kidogo kutoka mahali pake ndipo unaposikia ule mlio. Mlio peke yake, usio na maumivu na usioambatana na taya kukwama, hauhitaji matibabu. Watu wengi wanao na wanaishi vizuri tu.

Shika sasa mashavu, ukaze meno. Misuli inayotuna chini ya vidole, pamoja na ile ya panjani, ndiyo chanzo cha maumivu kwa watu wengi wanaolalamika taya. Misuli hiyo haikuumbwa ikae imekaza. Ukiwa umetulia, meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana kabisa; kunakuwa na nafasi ya milimita chache kati yake. Hukutana unapotafuna na unapomeza mate, basi.

Kuna historia fupi ambayo inaeleza kwa nini ushauri unatofautiana kiasi hiki. Mwaka 1934 daktari wa masikio na koo wa St. Louis nchini Marekani, James Costen, aliandika kwamba maumivu ya taya na ya sikio yanatokana na magego kung'oka na taya kukaa pabaya. Kwa miaka mingi baada yake watu walisagwa meno, wakavishwa taji (kofia ya kufunika jino), wakavutwa meno kwa nyaya, ili tu meno yakutane "sawasawa". Tafiti za baadaye hazikuiunga mkono nadharia hiyo kama sababu kuu. Leo wataalamu wanatazama mambo mengi kwa pamoja: msongo wa mawazo, usingizi mbovu, ajali ya taya au shingo, mwili wenye mwelekeo wa maumivu sugu, pombe, sigara, kahawa nyingi, na baadhi ya dawa. Lakini mafunzo ya zamani hayafi kwa siku moja, na bado utakutana nayo kwenye viti vya matibabu.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali matano yaleyale. Inapunguza maumivu? Inayalinda meno? Ukijuta, unaweza kurudi ulipokuwa? Mzigo wake ni upi, kwa pesa, muda, bidii na madhara? Na inamfaa nani hasa? Swali la tatu nimelipatia uzito kuliko mengine, na nitasema wazi kwa nini: maumivu ya taya kwa watu wengi hupanda na kushuka, na mara nyingi hupungua kwa hatua ndogondogo. Tatizo linaloweza kupungua lenyewe halistahili dawa isiyofutika.

Mazoezi, mazoea mapya na mikono ya mtaalamu wa viungo

Njia hii haina kifaa cha kuonyesha watu, ndiyo maana wengi huiruka. Kiini chake ni kuifundisha misuli kupumzika. Kanuni ya kwanza: midomo imefungwa, meno yameachana, ncha ya ulimi imegusa kaakaa nyuma ya meno ya mbele ya juu, pale inapogusa ukitaka kutamka "na". Ulimi ukikaa hapo, ni vigumu kukaza meno bila kujua.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenishughulikia alinipa vidoti vyekundu vya kubandika: kimoja kwenye kona ya kompyuta, kimoja kwenye kioo cha bafuni, kimoja karibu na usukani. Kila nikikiona, nijiulize meno yangu yako wapi. Siku ya kwanza yalikuwa yamegusana karibu kila nilipotazama. Wakati wa kusoma barua pepe yalikuwa yamekazwa hasa. Nilikuwa nimekwenda kutibiwa tatizo la usiku, kumbe nusu yake nilikuwa naifanya mchana kweupe.

Kuna zoezi jepesi linaloendana na hilo. Ulimi ukiwa juu ya kaakaa, fungua mdomo taratibu hadi ulimi unapotaka kuachia, kisha funga. Mara sita, kwa vipindi kadhaa kwa siku, bila kulazimisha na bila kupita mpaka wa maumivu. Kitambaa cha maji ya moto yanayovumilika kwenye mashavu kwa dakika 10 hadi 15 hulegeza misuli kabla ya zoezi. Kwa muda huo kula vitu laini, kata vipande vidogo, achana na chingamu, kutafuna kucha na kung'ata kalamu. Miayo ikikujia, weka ngumi chini ya kidevu ili taya lisifunguke hadi mwisho. Mtaalamu naye huongeza kazi ya mikono: anaikanda misuli, analisogeza taya kwa utaratibu, anaangalia shingo na mkao wako. Mwenye msongo mzito au maumivu ya muda mrefu anaweza kuongezewa tiba ya fikra na tabia kwa mwanasaikolojia. Hiyo haina maana kwamba maumivu ni ya kujitungia. Ubongo unaosikia maumivu miezi na miezi huzoea kuyasikia kwa sauti kubwa, na sauti hiyo inaweza kufundishwa kushuka.

Maumivu: hapa ndipo njia hii inapoongoza. Mwongozo wa matibabu uliochapishwa na jarida la tiba la BMJ mwaka 2023, unaohusu maumivu ya taya yaliyodumu miezi mitatu au zaidi, umeyatilia mkazo mambo haya haya: mazoezi ya taya yanayosimamiwa, mazoezi ya mkao, kulisogeza taya kwa mikono ya mtaalamu, tiba ya fikra na tabia, na kujitunza nyumbani kwa maelekezo.

Meno: mchana inayaokoa kweli. Usiku hapana, kwa sababu ukilala hiari nayo inalala.

Kurudi nyuma: hakuna cha kurudisha. Ukiacha, umeacha.

Mzigo: bidii. Pesa ni kidogo ukilinganisha na nyingine, lakini usitegemee mabadiliko ndani ya siku tatu. Hesabu wiki kadhaa. Wengi huacha wiki ya pili, maumivu yanapopungua nusu.

Inamfaa: karibu kila mwenye maumivu ya misuli ya taya, na hasa anayekaza meno akiwa macho. Anayesaga usingizini tu bila maumivu yoyote haitampa kitu kikubwa.

Kinga ngumu iliyotengenezwa kwa kipimo chako

Hii ndiyo ile watu wanayoifikiria wakisikia "kinga ya kusaga meno". Daktari anachukua umbo la meno yako, ama kwa kijiko kipana kilichojaa uji mzito unaoganda mdomoni, ama kwa kamera ndogo. Maabara inatengeneza bamba la akriliki linalofunika meno yote ya taya moja, unene wa milimita mbili hivi. Wengi hufikiri kazi imeisha siku ya kulichukua. Nusu ya kazi inaanza hapo. Daktari anaweka karatasi ya rangi kati ya meno na bamba, unang'ata, alama zinabaki, anasaga plastiki kidogo, unang'ata tena, mpaka meno yote ya upande wa pili yaguse kwa usawa. Baada ya wiki chache unarudi afanye tena, kwani misuli ikilegea taya hukaa tofauti. Ukikabidhiwa kinga na kuambiwa "haya, kwaheri", rudi uombe marekebisho. Ni haki yako, na kinga isiyorekebishwa inaweza kuongeza maumivu badala ya kuyapunguza.

Maumivu: matokeo yamegawanyika. Wapo wanaoamka wepesi tangu wiki ya kwanza. Mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini mwongozo ule ule wa BMJ, ulipopima ushahidi wote, haukupendekeza kinga kama tiba ya maumivu sugu ya taya, kwa sababu faida yake haikuonekana wazi. Hilo linawashangaza wengi, na baadhi ya madaktari wa meno hawakubaliani nalo. Ninavyolielewa mimi: ukiinunua kinga kwa matumaini ya kumaliza maumivu peke yake, unabahatisha.

Meno: hapa haina mpinzani. Enameli, ganda gumu la nje la jino, ikilika haioti tena. Bamba likilika unatengeneza jingine. Kinga haizuii kusaga. Inapokea kipigo badala ya jino. Yangu, nikiielekeza kwenye mwanga wa dirisha, ina njia mbili zilizochimbika upande wa kulia, zimepinda kama mkasi uliokwaruza kioo. Nikizitazama najua zingekuwa wapi kama si hapo.

Kurudi nyuma: ukiivua, basi, mradi inafunika meno yote. Kuwa makini na zile ndogo zinazofunika meno ya mbele tu. Magego yasiyoguswa usiku baada ya usiku yanaweza kusogea kutoka mahali pake, na siku moja unakuta mdomo haufungi kama zamani. Zile zinazosukuma taya mbele nazo zinaweza kubadili jinsi meno yanavyokutana zikivaliwa kwa muda mrefu. Zina kazi zake, lakini ni chini ya uangalizi wa karibu.

Mzigo: gharama ya juu, ziara zisizopungua mbili au tatu, mate mengi usiku wa kwanza. Ioshe kwa mswaki laini, sabuni na maji ya baridi. Maji ya moto yanaikunja. Ipeleke kila unapokwenda kukaguliwa meno.

Inamfaa: mwenye meno yanayolika au kuvunjika, mwenye taji, vipandikizi au vijazo vingi vya kulinda, na mwenye kuumwa misuli asubuhi anayeitumia pamoja na mazoezi. Ukikoroma sana, ukishtuka usiku ukitafuta pumzi, au ukisinzia mchana, chunguzwa kwanza kama pumzi yako hukatika usingizini. Kusaga meno na tatizo hilo mara nyingi huonekana kwa mtu mmoja, na kinga ya kawaida hailitibu.

Kinga laini ya kununua tayari

Unaichovya kwenye maji ya moto, inalainika, unaing'ata, inachukua umbo la meno. Dakika tano umemaliza.

Maumivu: kwa baadhi ya watu hupunguza, kwa wengine huongeza, kwa kuwa ulaini wake unaialika misuli itafune usiku kucha. Meno: hulinda, ila kwa muda mfupi, msagaji hodari huitoboa ndani ya wiki au miezi michache. Kurudi nyuma: hakuna tatizo ukiitumia kwa muda mfupi, lakini miezi mingi bila kukaguliwa na mtu yeyote ni hatari, maana haikushika meno kwa usawa. Mzigo: nafuu sana, ingawa huwa nene na huwafanya wengine wachefuke.

Inamfaa anayesubiri miadi, au anayetaka kujua kama ataweza kulala na kitu mdomoni kabla ya kulipia kile cha gharama. Usimvalishe mtoto ambaye meno yake bado yanaota.

Dawa

Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe kama ibuprofen au naproxen zina nafasi yake siku taya linapowaka moto. Maumivu: hushusha, hasa kiungo chenyewe kikiwa kimevimba, na zikiandamana na mazoezi hukupa mwanya wa kuyaanza. Meno: hazina msaada wowote. Kurudi nyuma: ukiacha, zinatoka mwilini, lakini vidonda vya tumbo na figo zilizochoka haviondoki kwa kuacha tu. Mzigo: pesa ni kidogo, hatari inapanda kadiri siku zinavyoongezeka. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, ugonjwa wa figo, pumu, au mjamzito asizimeze bila kuuliza. Dawa za kulegeza misuli hutolewa wakati mwingine usiku kwa muda mfupi, na huleta usingizi mzito. Kuchanganya dawa za uvimbe na dawa kali za jamii ya morfini kwa ajili ya taya ni jambo ambalo mwongozo wa 2023 umelikataa kabisa.

Inamfaa mwenye maumivu makali ya siku chache. Anayejikuta anameza vidonge mwezi wa pili mfululizo anahitaji njia nyingine.

Kuna upande wa pili wa dawa ambao huulizwa mara chache. Baadhi ya dawa za sonona na wasiwasi, zikiwemo fluoxetine, sertraline na paroxetine, zinaweza kuanzisha au kuongeza kusaga meno. Kama meno yalianza kulia majuma machache baada ya kuanza dawa mpya, mwambie daktari aliyekuandikia. Usiiache mwenyewe, mara nyingi kubadilisha dozi au dawa kunatosha.

Sindano ya Botox

Ni sumu ya bakteria iliyopunguzwa mno, inayochomwa kwenye msuli wa shavu na wakati mwingine wa panjani. Inakata mawasiliano kati ya neva na msuli, msuli unapoteza sehemu ya nguvu zake. Kazi yake huanza kuonekana ndani ya siku chache, hufikia kilele katika wiki mbili hivi, na hufifia baada ya miezi mitatu hadi minne.

Maumivu: wapo wanaopata nafuu kubwa, na wapo wasiopata kitu, kwa maumivu sugu mwongozo wa BMJ haukuipendekeza kama njia ya kawaida. Meno: haipunguzi idadi ya mara unazosaga, inapunguza nguvu ya kila msago. Kwa mtu anayevunja taji kila mwaka, hilo si jambo dogo. Kurudi nyuma: nguvu ya msuli hurudi, ndiyo. Lakini sindano zikirudiwarudiwa msuli hupungua unene, na kumekuwa na wasiwasi kwamba mfupa wa taya unaokosa mzigo wa msuli unaweza kupungua nao. Jambo hilo bado linafuatiliwa. Mzigo: gharama inayojirudia, taya kuchoka wakati wa kutafuna, na tabasamu kwenda upande endapo dawa itasambaa pasipotakiwa. Wajawazito na wenye magonjwa ya udhaifu wa misuli kama myasthenia gravis hawaruhusiwi.

Inamfaa: mwenye misuli iliyotuna sana, ambaye amefanya mazoezi kwa uaminifu, ana kinga nzuri, na bado anaumia au anavunja meno. Mchomaji awe mtu anayeijua misuli ya taya na aliyekuchunguza taya kwanza, si anayekutazama kwa jicho la urembo pekee.

Hatua zisizorudi: kusawazisha meno, kuosha kiungo, upasuaji

Narudi kwa daktari wangu wa tatu. Kabla hajawasha mashine nilimuuliza: ukiyasaga haya magego na maumivu yasiishe, utayarudishaje? Alikaa kimya, nami nikaomba muda wa kufikiri. Kusaga meno yote ili kutibu maumivu ya taya kunashindwa kwenye kigezo changu cha tatu moja kwa moja, na kwenye cha kwanza ushahidi haukuisimamia. Hata hivyo nisimwonee. Kama ulizibwa jino juzi na tangu hapo unahisi linagonga kabla ya mengine, kupunguza kijazo hicho ni kazi ya dakika chache na ni sahihi kabisa. Vivyo hivyo kuvisha taji meno yaliyolika sana: kunarudisha umbo la jino, ingawa hakumfanyi mtu aache kusaga, na taji hilo litahitaji kinga.

Kuosha kiungo ni jambo tofauti. Sindano mbili huingizwa kwenye kiungo na maji ya chumvi hupitishwa kusafisha. Hufikiriwa hasa taya linapokwama na kukataa kufunguka baada ya njia za upole kushindwa. Upasuaji wa wazi ni wa wachache: kiungo kilichoharibika kwa ugonjwa wa baridi yabisi, kilichogandamana, chenye uvimbe au kilichovunjika. Tahadhari hii ina mizizi. Katika miaka ya 1980 nchini Marekani wagonjwa wengi waliwekewa vipandikizi vya taya vyenye Teflon. Vikasagika ndani ya kiungo, chembe zake zikachokoza mwili hadi mfupa ukaliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikaondolewa sokoni. Baadhi ya waliowekewa waliishi na maumivu makubwa kuliko waliyokuja nayo. Vipandikizi vya leo ni vingine, lakini kila anayeambiwa kisu ni njia ya kwanza ana sababu ya kutafuta maoni ya pili.

Kabla hujachagua chochote

Zipo dalili ambazo hazingojei ulinganisho. Taya kuuma pamoja na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi ni dharura ya moyo. Mwenye zaidi ya miaka 50 anayeumwa taya akitafuna, tena ana maumivu mapya ya kichwa panjani au macho yameanza kuona vibaya, afike hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa mishipa ya damu ya kichwa ikivimba inaweza kuondoa uoni. Ganzi usoni, uvimbe unaokua, homa, kupungua uzito bila sababu, au mdomo unaozidi kufunga wiki hadi wiki, vyote vinahitaji daktari kwanza. Na taya likitoka mahali pake likabaki wazi, usilisukume mwenyewe.

Kwa hali yako

Kama taya linalia tu na haliumi, usilipie chochote. Jifunze namna ya kuweka ulimi, pumzisha taya, endelea na maisha.

Kama asubuhi misuli inauma na daktari anasema meno bado mazima, anza na mazoezi na vidoti kwa wiki sita hivi. Usipoona tofauti, ongeza mtaalamu wa viungo kabla ya kufikiria kifaa.

Kama meno yanalika au yanavunjika lakini huumwi, kinga ngumu ya kupimwa ndiyo mahali pa kuweka pesa yako. Mazoezi yatakusaidia kidogo, sindano pengine hutazihitaji kamwe.

Kama una vyote viwili, vitumie pamoja: kinga usiku kwa ajili ya meno, mazoezi mchana kwa ajili ya maumivu, dawa siku za moto tu. Mimi niko kundi hili. Vidole vitatu vinapita sasa.

Kama umekuwa na kinga kwa muda na bado unaumia, usiitupe. Ipeleke ikaguliwe, huenda imelika upande mmoja au haikurekebishwa ipasavyo. Ikionekana sawa, tatizo liko kwenye mchana wako, shingo yako au usingizi wako, na huko ndiko pa kwenda kutafuta. Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya sindano yanapokuwa na maana.

Kama ni mtoto anayesaga usingizini, tulia kwanza. Ni jambo la kawaida utotoni na wengi huacha wanapokua. Mpeleke akaguliwe meno, mwangalie kama anakoroma au anapumua kwa mdomo, na kama analalamika kichwa asubuhi lisemwe hilo kwa daktari.

Kama umekwama na taya halifunguki ghafla, tafuta daktari ndani ya siku chache. Kiungo kilichokwama juzi ni rahisi kukishughulikia kuliko kilichokwama mwaka jana.

Na kama kwa sasa huna uwezo wa kumwona mtu yeyote, usiku wa leo lowesha kitambaa kwa maji ya moto, kikamue, kiweke mashavuni dakika 10, weka ulimi pale unapotamkia "na", uachie meno. Kesho asubuhi pima vidole vyako vitatu, uandike vimepita vingapi. Fanya hivyo kila siku mpaka siku ya miadi, uende na karatasi hiyo mkononi.